Mwantum aiaga redio iliyomvusha Bugarama

Saa mbili asubuhi, sokoni Jabe, Mwantum amesimama mbele ya kibanda cha fundi Huseni, mikono ameifumbata. Mezani kuna redio ndogo nyeusi, mgongo umefunguliwa. Fundi anapuliza vumbi, anagusa waya, anatega sikio. Kimya.

"Mama Soumaya, hii apana," anasema Huseni. "Mara hii imekufa kabisa."

Mwantum, mwenye miaka arobaini na sita, anauza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Kwa miaka tisa amewapeleka Gitega mara mbili kwa wiki, na kila safari redio hiyo ilikuwa kifuani, imefungwa ndani ya kitenge.

Hakuinunua kwa ajili ya muziki. Wakati huo wa vita, katika barabara ya Bugarama, njia ya mlimani kwenda Gitega, watu walikuwa wakiviziwa na waasi, na magari yalipanda mlima kwa msafara, askari mbele na nyuma.

"Shoferi alikuwa ananiuliza, 'Mama, wanasema nini?' Mi nikisema barabara imefungwa, gari inageuka."

Asubuhi moja mwaka 2000, gari lilikuwa limeanza kupanda aliposikia redioni kwamba mbele risasi zinalia. Alipiga kelele, dereva akageuza. Rafiki yake Daphrose, muuza maharage, alikuwa katika gari lililotangulia. Hakurudi.

"Niliikasirikia redio," anasema, akitazama pembeni. "Kwa nini iniambie mi, yeye apana?"

Tangu hapo hakuizima. Nyumbani, saa ya habari ikifika, watoto waliacha hata kutafuna.

Mwaka huu wa 2005 barabara imetulia, na magari hayangoji tena msafara. Wiki iliyopita, wakiwa njiani kwenda Gitega, redio ilikata sauti katikati ya habari. Mwantum aliitikisa, akaipiga makofi, akabadilisha betri. Jasho lilimtoka.

"Halafu nikaona hakuna mutu ananiuliza kitu. Wanawake wanabishana juu ya viazi, shoferi anacheka tu. Nikasinzia! Miaka tisa sijasinzia ndani ya gari. Walikuja kuniamsha Gitega."

Huseni anamtolea redio nyingine, karibu mpya. "Chukua hii, Mama. Inashika stesheni zote."

"Apana, Huseni. Wacha masikio yangu yapumzike kwanza."

Anaipapasa ile ya zamani, machozi yakimlengalenga. "Asante, umenifikisha," anaiambia, kisha anamwachia fundi atoe vipuri. Anashusha pumzi ndefu, na anapogeuka anatabasamu.

Zamani alilazimika kurudi na msafara siku ileile, kwa hiyo hakuwahi kulala ugenini. Ana dada huko Ngozi ambaye hajamwona tangu 1996. Ijumaa atapanda gari la Ngozi na gunia moja la ndagala ambalo hataliuza.

"Dada ana wajukuu, hata majina yao siyajui," anasema. "Nitarudi siku nikichoka kukaa."