Mugeni Aliyekataa Sombe Yetu

Majina ya batu bote ba hadithi hii ninayo kichwani, hata la yule jirani aliyekuja kuchungulia tu. Sitayaandika. Batu ba Butembo banasoma bakitafuta jina lao. Bakilikosa banakasirika, bakilipata banakasirika zaidi.

Ilikuwa wakati wa vita. Batu balikuwa banakimbia kutoka upande wa Mbau, banafika kwetu na magodoro kichwani. Kati yao kulikuwa mutoto mwanamuke, miaka kama mitano, aliyepotezana na batu bake njiani. Parokia ikaniomba nikae naye mpaka jamaa yake ipatikane. Mimi nilikuwa sijazaa bado. Donc munaelewa: kwa mudomo nilisema ndiyo, na moyoni niliomba hiyo jamaa ichelewe sana.

Kila juma alikuja dada mumoja wa sosiali, kijana, viatu vimejaa matope, kuangalia kama mutoto anakula, analala, anacheka. Kazi yake ilimukataza kula kwa batu anaotembelea, na kupokea kitu chochote. Mais kwetu Banande, mugeni akikataa chakula chako amekuambia jambo moja: unatia sumu.

Mama mukwe wangu, ambaye tuliishi naye, hakulala vizuri.

— Anafikiri miye mulozi?

Juma lililofuata akamutengea dada bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa na mawese, na akaonja wa kwanza, kama adabu inavyotaka.

— Ona, mwanangu. Nimekula, sikufa.

— Aksanti, Koko. Lakini miye hapana kula kazini.

— Nionje tena?

Akaonja tena. Akaonja upande huu, akaonja na upande ule, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

— Koko, sasa hata nikitaka, nitakula nini?

Mama mukwe akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini kucheka si kukubali. Siku ile dada alipoinama kufunga kamba ya kiatu, mama mukwe akaingiza kuku mu mufuko wa dada, miguu imefungwa vizuri, sababu aliyekuja kuona mutoto hatoki kwetu mikono mitupu. Kuku ikanyamaza mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, halafu ikatoa kichwa na kupiga kelele mbele ya batu. Dada akarudi nayo chini ya kwapa, kundi la batoto nyuma yake linaimba.

— Mama, kuku yenu ilipotea njia.

— Haikupotea, nikamwambia. Ilikuwa inakusindikiza.

Akacheka, akaiweka chini, akaenda.

Miezi ikapita. Mutoto akaanza kuniita mama, na mimi nikaanza kuitika bila kugeuka. Halafu siku moja dada akaja na mwanamuke wa Oicha, dada mukubwa wa mama ya mutoto. Dada wa sosiali alikuwa ameenda mwenyewe mpaka kule, akauliza majirani, akauliza chef wa kijiji kama kweli ni jamaa, kabla ya kumuleta. Mutoto alikuwa anaambua maharagi. Alipomuona yule mwanamuke akamwaga yote chini na kukimbia kwake.

Nikamuvuta dada nyuma ya jikoni.

— Wewe unanijua. Sema mutoto anaumwa, hawezi safari. Hata mwezi mumoja tu.

— Ninakujua, Mama, na inaniuma. Lakini kama ningezoea kula hapa, leo ningeweza kukukatalia?

Nikaingia ndani, nikafunga nguo za mutoto.

Camion ya Beni ikabachukua. Mutoto akakaa juu ya magunia, kwenye magoti ya mama yake mukubwa, akanipungia mukono mpaka kona. Dada alibaki amesimama kwenye mulango wa lupango ya nyumba yetu, anaangalia miti kama mutu anayeihesabu. Akapangusa macho na mukono.

— Na kulia pia kazi yako inakataza?

— Sijui, Mama. Hilo habakutufundisha.

— Basi lia haraka, kabla habajakumbuka.

Tukalia, yeye na mimi, tumeshikana mabega. Mama mukwe akatoka na ufagio, akatuangalia juu mpaka chini.

— Angalia bamama bazima! Mutoto mwenyewe ameenda anacheka.