Kamba ya Baba na Bomba la Mtaa Wetu

Mimi ni mwalimu, na kosa langu kubwa ni haraka. Ndiyo maana walinichagua kuwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu hapa Kasongo: walitaka mtu wa kuwasukuma. Mtaa ulikuwa umekua kuliko maji yake. Watu walihamia kutoka Kabambare na Salamabila, wakajenga hadi bondeni, na wote tulichota kwenye chemchemi moja yenye mteremko mkali. Mama yangu, mwenye goti bovu, alikaa huko mwisho kabisa. Kila alipoanguka na ndoo yake nilisikia habari shuleni, nikakasirika siku nzima.

Mradi mmoja ulikubali kujenga tangi juu ya kilima na kutuletea fundi. Mabomba tulipaswa kununua wenyewe, na mitaro kuchimba kwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tukakubaliana kila nyumba itoe beseni moja la mpunga wakati wa mavuno. Mpunga huo ukiuzwa ungetosha kufikisha bomba kwenye msikiti mdogo tu. Waliokaa ng'ambo ya msikiti wangetoa pia, na kungojea awamu ya pili. Mama alikuwa ng'ambo, nyumba ya nne. Nilitia sahihi uamuzi huo kwa mkono wangu mwenyewe, maana katibu akimvutia mama yake bomba, kesho hakuna atakayeleta mpunga.

Fundi alitaka urefu wa njia kabla ya kuagiza mabomba. Mita ya seremala ilikuwa fupi, basi nikaazima kwa Mama kamba ya marehemu baba, ile ya katani aliyowapimia vibarua vipande vya kulima. Tuliipima shuleni jua likiwaka: mita hamsini kamili, nikairudisha kwake jioni. Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imeanza Mama aliponipa kamba mkononi. Mwenyekiti alitaka tuahirishe. Nikamwambia mvua haiongezi wala haipunguzi barabara. Tukapima kutoka tangini hadi msikitini, tumelowa kama kuku, nikaandika hesabu, fundi akaagiza, na fedha ya mpunga ikaisha yote.

Lori la mabomba lilikwama siku nyingi kwenye barabara ya Kabambare, lakini lilifika. Watu walichimba kwa nyimbo na kwa matusi ya kirafiki. Bomba la mwisho likafungwa msikitini, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Hapo ndipo fundi alipoonyesha kando ya tangi: rolo moja nzima ya bomba ilikuwa imebaki, haijaguswa.

Rolo ile ingefika nyumba ya nne bila shida, na kila mtu alijua nani anakaa nyumba ya nne. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, kwa upole ulioniuma zaidi ya ukali:

"Mama mwalimu, hii bomba yote ilitoka wapi? Weye ndiye uliandika hesabu."

Nilirudia hesabu kwenye daftari, kamba kwa kamba, nayo ilikuwa sawa. Niliwaza jinsi nitakavyosimama tena mbele ya watoto wao darasani. Niliogopa, nasema wazi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyelima kibarua maisha yake yote. Aliuliza kama siku ile mvua ilinyesha. Akaomba kamba na beseni la maji. Aliinyoosha kavu kati ya vigingi viwili, kisha akailoweka kwa muda mrefu, akainyoosha tena. Haikufika kigingi cha pili. Ilipungukiwa hatua tatu nzima. Akaeleza kwamba vibarua wajanja huchovya kamba mtoni kabla ya kupimiwa, ili kipande cha kulima kiwe kifupi. Kwa kamba fupi, njia ile ile ilihesabiwa kamba nyingi zaidi, na sisi tukanunua bomba la ziada.

Watu walicheka hadi wakashika viuno. Mwenyekiti aliniomba msamaha. Wengine walisema rolo iuzwe kwa wafanyabiashara wa Salamabila, lakini wengi walikumbusha kwamba watu wa ng'ambo walitoa mpunga kama wengine. Wiki ile ile tukachimba hadi nyumba ya nne. Nilishusha pumzi niliyoibeba tangu siku ya rolo, nikalala vizuri.

Siku ya kwanza ya maji nilimkuta Mama kwenye bomba, amekaa juu ya kigoda, anajaza sufuria polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. Nilimsimulia habari ya kamba kwa fahari, jinsi mzee alivyonisafisha. Hakushangaa. Alisema tu:

"Kamba ya baba yako inajikunja mu mvua. Nililima na ile kamba miaka mingi. Kila mutu mwenye alilima anajua."

Nikamwuliza kwa nini basi asubuhi ile alinipa kamba bila kusema neno. Alifunga bomba kwanza, ili tone lisipotee.

"Ulikuwa na haraka, mwanangu," akasema. "Na mimi goti lilikuwa linaniuma."

Nilichukua sufuria yake, nikaiingiza ndani. Kwenye kamati sijasema.