Bwana Gamboti Hajakutana na Mtu

Juzi, hapa kwangu Homa Bay, mpwa wangu alichomoa waya sikioni na kunitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa akiangalia tamthilia ya kutisha kwenye simu.

"Anti, huyu muuaji wanampea watu wadhaifu sana," alilalamika. "Kila siku ni kukimbiza wasichana wanaoanguka. Si wamtafutie mtu anayemweza?"

Nilifungua kinywa kumjibu, lakini moyo ulikuwa umeshanitangulia Muhuru Bay.

Wewe uliyekulia kando ya ziwa utakumbuka mabanda ya video. Letu lilikuwa la mabati, nyuma ya soko, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta ikinguruma nje, na ndani harufu ya jasho, mandazi na omena, dagaa wetu wa ziwani. Jumapili baada ya misa tulijibana humo, binamu yangu na mimi, kumtazama muuaji tuliyembatiza Bwana Gamboti. Uso wake hatukuwahi kuuona. Tulionyeshwa gamboti tu, buti nyeusi za mpira, zinachuruzika maji, chwap, chwap, na kabla hujameza mate mtu amekufa. Mtafsiri alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akinong'ona kwa Kiswahili na Kijaluo mpaka nywele zikatusimama. Ubaya ni kwamba wavuvi wote wa Muhuru walivaa gamboti. Nikitumwa ufuoni asubuhi, nasikia chwap nyuma yangu, shingo inakataa kugeuka.

Binamu yangu hakulala kwa hasira. Alitaka Gamboti aletewe mwanajeshi, aletewe bondia, aletewe yeyote asiyepiga mayowe.

Siku moja nyanya, ambaye tulimwita Dana, aliingia bandani kutufuata kwa sababu mitungi ilikuwa mitupu. Alisimama gizani akatazama msichana mmoja akiuawa. Kisha akasema kwa sauti iliyomshinda hata mtafsiri, "Huyu anaua watoto tu. Hajakutana na mtu."

Banda zima lilicheka. Tangu siku hiyo binamu yangu aliapa kwamba mtu wa kumweza Gamboti ni Dana.

Basi ikaja alasiri ya mawingu. Omena yetu ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu mchangani, na omena ikinyeshewa huwa ni chakula cha kuku. Tulikuwa tumeinama tunaizoa kwenye makarai, ziwa likiwa nyuma yetu, matete yakavunjika mbele. Kiboko alitoka. Nilikuwa nimewasikia viboko maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba mnyama anaweza kuziba anga. Sisi tulikuwa katikati yake na maji. Alipanua kinywa, nikaona rangi ya waridi ya ndani na meno ya njano. Binamu yangu, rafiki wa mabondia, alisimama kama nguzo. Mimi miguu yangu ilitaka kukimbia, na haikujua iende wapi.

"Kik uringi!" Dana alisema, chini kwa chini. Msikimbie.

Aliweka karai chini. Akatushika sote wawili, akaanza kutuvuta kando, hatua ndogo ndogo, bila kumpa mgongo yule mnyama. Nilisikia pumzi ya Dana ikikwaruza. Kisha kiboko akaja. Ardhi ilitetemeka, alipita pale tulipokuwa tumeinama, akazibeba nyavu, omena na karai, ziwa likapasuka likammeza.

Dana aliketi mchangani kwenye mvua. Alijaribu kufunga leso yake, vidole vikakataa. Alijaribu tena. Sikuwahi kumwona mtu mzima akitetemeka vile, na nakuambia ukweli, hilo lilinitisha kuliko kiboko.

Binamu yangu alikuwa analia. "Dana, mbona hukumpiga?"

"Ati sikumpiga?" alijibu, meno yakigongana. "Si uko na miguu yako miwili? Basi nimemshinda."

Tuliporudi bandani, sehemu mpya ya Gamboti ilikuwa imefika, na kumbe matajiri wa filamu walikuwa wamemsikia binamu yangu. Kulikuwa na mwanajeshi mwenye kifua kama mlango. Alipigana vizuri sana. Hakuna aliyeogopa. Watu walitafuna mandazi, wengine wakatoka kununua miwa. Halafu akaja mama mmoja jikoni, mtoto mgongoni, akihangaika kuingiza ufunguo mlangoni na mkono wake unatetemeka, na banda zima likaacha kupumua.

Nilimweleza mpwa wangu haya: usimwombee muuaji wako mtu wa misuli, mwombee mtu anayeogopa ambaye ana wa kumwokoa. Aliitikia kwa adabu, akarudisha waya sikioni.

Dana tulimzika zamani. Banda lilivunjwa, pale sasa wanauza vifuniko vya simu. Pale mchangani ziwa limepanda, matete yameota. Lakini ninachokikosa zaidi ni jambo dogo: kule gizani, Gamboti alipokaribia, ulikamata mkono wowote uliokuwa karibu, wa muuza samaki, wa mwalimu, wa mtu usiyemjua, na hakuna aliyeuondoa. Siku hizi kila mtu ana muuaji wake kiganjani, na kila mtu anaogopa peke yake.