Nilipunguza Chokaa

Mama yangu hakuwa akila tambuu iliyokunjwa na mtu mwingine ila mimi. Dada zangu akiwakataa waziwazi: huyu mchoyo wa popoo, yule chokaa anaimwaga kama anapaka ukuta. Mimi nikisifiwa mpaka mbele ya wageni, na sifa ile niliipenda, sisemi uongo. Kila alasiri, nyumbani kwetu Kikwajuni, nikikaa na kijaluba chake cha shaba: jani la mtambuu, chokaa, katu, popoo iliyokatwa, tumbaku juu. Nakunja, nampa, naye anailaza shavu la kushoto na kuanza kuwasema watu.

Kidonda kilianza shavu lilelile. Alinionesha mwenyewe, akauvuta mdomo kwa kidole: doa jeupe, katikati pekundu. "Chokaa yako imenchoma," aliniambia. Nikaona aibu. Kwetu mla tambuu akitoka kidonda mdomoni, wa kulaumiwa ni chokaa, na dawa yake kila mtu anaijua: punguza chokaa, hamisha tambuu shavu la pili, paka asali. Nikafanya yote matatu.

Lakini tambuu iliyopungua chokaa haina ladha. "Hii tambuu au majani ya mbuzi?" akanirejeshea. Basi nikamzidishia tumbaku. Nasema tena, ili nisijifiche: mama ana kidonda mdomoni, na mimi, kwa mkono wangu huu, nikamzidishia tumbaku. Akasema sasa imekaa sawa, hata maumivu yamepoa. Nikajiona fundi!

Miezi ikapita. Kidonda hakikufunga. Wali akautafuna upande mmoja, halafu ikawa uji tu. Siku nilipompaka mafuta shingoni nikakuta uvimbe, ndipo nikampeleka hospitali kwa nguvu, yeye akinuna njia nzima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia vizuri, akamtazama mdomoni kwa tochi, kisha akaanza kuuliza. "Sigara unavuta, Bi Mkubwa?"

"Sivuti."

"Pombe?"

Mama akanigeukia. "Huyu mtoto ananitukana?"

Nikacheka. Yarabi, nilicheka mle ndani.

"Na tambuu?"

"Tambuu si kitu. Nnakula tangu sijaolewa."

Daktari akaweka kalamu chini. Alitwambia tumbaku inayolazwa shavuni huleta saratani ya mdomo, na popoo nayo huileta, hata ikiliwa peke yake. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili tatu hakingojwi. Sisi tulingoja miezi minane. Nikamweleza habari ya chokaa. "Nani aliyekwambieni ni chokaa?" aliuliza. Nami nikainamisha kichwa.

Walimkata Dar es Salaam, shavu na sehemu ya ulimi, wakampiga mionzi, tukarudi naye hawezi kutamka. Mama yule! Aliyekuwa akimsema jirani kutoka dirishani mpaka jirani mwenyewe anacheka. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile nilikichukia.

Asubuhi moja nikapiga magoti ubavuni mwa kitanda chake. "Mama, niwie radhi. Mikono hii ndiyo iliyokulisha." Nilitaka aniambie nshakusamehe. Radhi ya mzazi mtu huitaka kwa kauli, aisikie kwa masikio yake. Mimi nilikwenda kuiomba wakati kauli nshamwondolea.

Alinishika kidevu, akakibonyeza mpaka nikafungua mdomo. Kumbe akijua siku zote kwamba kila nikimkunjia moja, na yangu naila jikoni. Akaionesha simu yangu kwa kidole, nikamwashia tochi yake. Akalivuta shavu langu kwa kidole, la kushoto, la kulia, akaninyanyua ulimi, akatazama polepole kama anayemtafuta mtoto chawa. Machozi yangu yakimchirizikia vidoleni. Kisha akaniachia, akafumba macho, na kwa ulimi ule uliobaki akasema neno nililolifahamu lote: "Alhamdulillahi."

Neno jingine sikulisikia kwake. Alifariki wiki ileile.

Kijaluba ninacho, kitupu. Kila mwezi nasimama mbele ya kioo, nalivuta shavu kwa kidole kama alivyolivuta yeye, na kila mwezi nalia.