Tangi la Shumba Limefika Dari

Wengine watawahadithieni kwa kusikia, mimi nilikuwepo. Jumatatu, ofisi ya maji Wete, Bi mmoja wa Shumba kasimama dirishani. Harusi ya bintiye ni Ijumaa, na mama wa bwana harusi keshapiga simu kutoka Mtambile: kama tangi la kijiji chenu bado tupu, karamu tutaipikia kwetu. Aibu gani hiyo kwa mama wa biharusi!

Karani wa hapo, kiwango cha tangi hukionesha kwa mwili wake. Wiki iliyopita aligusa goti.

"Leo vipi, mwanangu? Usinambie goti tena."

Karani akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono hadi dari. "Mvua hizi, Bi! Linamwagika!"

Bi akapiga kigelegele, foleni nzima ya wanawake ikaitikia. Papo hapo akatoa simu. "Mkwe wangu, njooni na njaa zenu. Maji ya kupikia yapo, ya kunawa yapo, na mkitaka tutawaogesha!"

Shule niliikimbia mapema, lakini kipimo kile nilikielewa. Nyinyi wasomi endeleeni kusubiri ripoti.