Mkeka wa Kuzikiwa wa Melenaite

Kazi ya Lesieli ilikuwa kuwafundisha wageni adabu, na kisiwani Vava'u hakukuwa na aliyeiweza kama yeye. Kila walipofika wazungu waliokuja kutazama nyangumi, aliwakalisha kwenye baraza ya nyumba ya wageni, akawapa madafu, kisha akaanza. Jumapili hakuna kuogelea, kufua wala kuvua samaki. Tonga nzima imo kanisani. Msipite kijijini mabega wazi, hata nyinyi wanaume. Msile huku mnatembea. Mkipewa kitu pokeeni, maana kukataa ni kumtukana aliyewapa. Na mkiingia nyumbani kwa mtu msisifu sana vitu vyake, mwenyewe ataona aibu asipowapa.

Hapo wageni walicheka kila mara. Wazungu hawaamini kwamba maneno yanaweza kubeba kitu yakatoka nacho nje.

Lesieli alilelewa kwa mikeka. Baba yake alikwenda Nyuzilandi kuchuma matunda akasahau njia ya kurudi, na mama yake, Melenaite, akabaki kusuka mpaka vidole vikaota sugu. Mkeka wake wa mwisho aliusukia maiti yake mwenyewe. Kule mtu hashuki kaburini bila mkeka, na mkeka ndio unaosema alikuwa nani. Alichemsha majani ya mkadi, akayaloweka baharini, akayaanika mpaka yakawa meupe, akayachana miyaa myembamba kama uzi. Akasuka miaka na miaka. Macho yalimtupa mkono kabla hajamaliza, na upindo wa mwisho aliusuka kwa kupapasa.

Akaja kuishi kwa binti yake, kipofu na mgonjwa. Mkeka ulikaa chini ya godoro lake, na siku alizozidiwa aliomba apewe aushike. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Sasa huyo mume wa Lesieli, Sosaia, mkulima wa viazi vikuu. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na kijiji kizima kilimpenda. Kutoa ni moyo, si utajiri, na Sosaia moyo alikuwa nao. Vitu ndivyo vilikuwa vya wenzake.

Jumapili moja alitoka kanisani na mgeni mmoja wa baraza ile, mama wa makamo aitwaye Margriet, akamkaribisha chakula bila kumwambia mkewe. Lesieli alikuwa jikoni akiyapanga majimbi na samaki waliotoka kwenye tanuri la shimoni. Aliposikia sauti ya kike sebuleni, akaacha sahani akakimbia, maana kitanda cha mama kilikuwa kule kule sebuleni na mkeka ulikuwa kifuani pake.

Alichelewa.

"Mungu wangu, kitu gani hiki!" Margriet alikuwa amepiga magoti, anaupapasa. "Sijaona kizuri kama hiki maisha yangu yote!"

"Umekupendeza?" Sosaia akauliza.

"Jamani, mno!"

"Basi chukua, dada. Ni wako."

Akauondoa kwenye mikono ya mkwewe taratibu, kwa heshima zote, akaukunja. Melenaite aligeuza uso ukutani.

"Baba watoto," Lesieli akasema, akijitahidi kutabasamu, "kuna kile kikapu kipya. Bi Margriet atakipenda zaidi, tena chepesi safarini."

"Kikapu apewe mtoto. Mgeni wangu nimpe kikapu?"

Lesieli akamgeukia mgeni, akamtazama kwa macho yote aliyopewa na Mungu. Na yule mama, masikini, akamrudishia tabasamu la mwanafunzi aliyelijua somo.

"Nakumbuka, Lesieli. Ukipewa, usikatae!"

Usiku ule Lesieli hakulala. Alikuwa na hasira na mumewe, na mgeni, na kinywa chake mwenyewe. Asubuhi alifanya jambo ambalo Mtonga mwenye akili zake halifanyi: alimfuata Margriet chumbani kwake kwenye nyumba ya wageni akamwambia wazi. "Mkeka ule ni wa kumzikia mama yangu."

Margriet alilia. Angeupitisha kwa mlango wa nyuma ndani ya shuka la kitanda, mambo yangeisha. Lakini alikuwa mtu mwema, na watu wema hupenda kukosa na kutubu mbele za watu. Jioni alikwenda mwenyewe, akamkuta Sosaia na kaka zake wameketi wanakunywa kava, kinywaji chao cha mizizi. Akauweka mkeka katikati yao, akaomba radhi, akaeleza kwamba Lesieli amemfumbua macho.

Kaka mmoja alikohoa, akatazama bakuli. Mgeni alipoondoka, ndipo mkubwa wao akafungua kinywa.

"Haya, mdogo wangu. Kumbe kwako mkono wa kulia unatoa, wa mke unapokonya?"

Wakacheka. Sosaia akainuka na mkeka akaenda nao moja kwa moja kwa mchungaji, akampa kama sadaka, mahali ambapo hata mwendawazimu hawezi kwenda kudai. Aliporudi alimwambia mkewe maneno machache: "Umenivua nguo mbele ya ndugu zangu. Nimejisitiri."

"Kwa nguo ya mama yangu," Lesieli akasema.

Mvua zilipoanza, Melenaite alikuwa wa kugeuzwa kitandani. Lesieli alinunua mkeka sokoni, mkubwa, wenye nyuzi za rangi pembeni, akauweka mikononi mwa mama yake. Bibi kizee akaupitisha vidoleni upande hadi upande.

"Miyaa mipana," akasema. "Aliyeusuka alikuwa na haraka."

"Nisamehe, mama. Tulishikwa na aibu. Mgeni kashasifu, mwenye nyumba kashatoa. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza mimi."

"Nini, mama?"

"Nilikuwa nimeushika. Mumeo hakuniuliza. Mgeni hakuniuliza. Wewe ukaanza habari za vikapu." Alipumzika kidogo, pumzi ikamrudia. "Ningesema hapana. Mimi naingia kaburini, mwanangu. Aibu yenu ingenipata wapi?"

Lesieli akaukunja mkeka, akauweka chini ya godoro. Wiki ile ile wakamzika Melenaite na mkeka wa sokoni, na waombolezaji wote wakausifu.