Kilichomwangusha Fundi Vigae

Marehemu mume wangu hakuwa mlevi, hata kama mtaa mzima unasema hivyo. Alikuwa fundi vigae, mtu wa haraka asiyetulia. Siku moja alikuwa kazini, amepiga magoti tangu asubuhi. Mwenye nyumba alipomwita, aliinuka ghafla, akapepesuka, akaanguka.

"Shemeji, leo umezipiga ngapi?" mdogo wangu akamcheka mbele ya mafundi, na maneno yakaanzia hapo.

Baadaye daktari alitueleza, mimi na yeye, kwamba ukiinuka, damu hushukia miguuni. Mishipa isipojibana upesi, presha huanguka na kichwa hukosa damu. Nilimsihi ainuke taratibu.

"Mama watoto, kazi hainisubiri," alinijibu, tayari yuko mlangoni.

Wanaowaita wanangu watoto wa mlevi wamesikia. Sisemi zaidi.